Intavyuu za kazi za kompyuta Mombasa: mwongozo kamili kwa aliyechoka kuzungushwa

Malalamiko ya vijana wa kompyuta mjini hapa yanafanana. Huyu kaitwa ghala moja la Shimanzi kwa kazi ya kutunza mtandao na printa, akasimamishwa ubaoni aeleze jinsi ya kupindua mti wa data, yaani kuigeuza kushoto kuwa kulia data iliyopangwa kimatawi. Yule kapewa "kazi ndogo ya nyumbani", kakesha nayo wiki nzima, na tangu aitume hajasikia hata ahsante. Ukiwauliza walikubali kwa masharti gani, jibu huwa moja: niliitwa, nikaenda.

Hapo ndipo pa kuanzia. Intavyuu mbovu huwezi kuitengeneza, lakini unaweza kuiwekea bei. Kila hatua inakula saa zako, nauli yako na bando lako. Ijue gharama hiyo mapema, kisha ukubali ukijua unachokubali, au ukatae kwa adabu. Mwongozo huu ni wa anayeomba kazi ya kuandika programu, mitandao, data au usaidizi wa kompyuta, iwe ofisi iko Moi Avenue ya hapa Mombasa, iko Nairobi, au iko ng'ambo.

Hatua ya kwanza: kabla ya kusema "nitakuja"

Simu huja mchana, na sauti ni ya haraka: umechaguliwa, njoo kesho saa tatu na vyeti vyako. Usikubali papo hapo. Shukuru, kisha omba maelezo yaandikwe kwa baruapepe. Mwajiri wa kweli ataandika. Anayekataa kuandika, au anayetaja ada ya usajili, ya mafunzo au ya kupimwa afya itumwe kwa M-Pesa kwenye namba ya mtu binafsi, huyo mkatie simu. Kazi haiuzwi.

Maelezo yakifika, jibu kwa ujumbe mfupi. Kama wamekuandikia Kiingereza, nawe andika Kiingereza, lakini maudhui yawe haya:

"Ahsante kwa kunialika, Bi. Mkurugenzi. Ili nijitayarishe vizuri, naomba kufahamu: kuna hatua ngapi kwa jumla? Hii ya kwanza ni mazungumzo, mtihani, au kuandika programu mbele ya watu? Itachukua muda gani, na nitakutana na nani? Na je, mshahara uliotengewa nafasi hii ni kati ya kiasi gani na kiasi gani?"

Swali la mwisho wengi hulionea haya. Wanaona ni kukosa adabu, au wataonekana wana tamaa. Mimi nasema liulize, tena mwanzo kabisa, kwa sababu hakuna hasara kubwa kuliko kupita hatua tano kisha ukute mshahara haufiki hata ule unaolipwa sasa. Wakikujibu "inategemea", taja wewe kiwango chako cha chini na uone kama mazungumzo yanaendelea.

Halafu kuna vyeti. Matangazo mengi bado yanataka kila mwombaji aje na cheti cha tabia njema cha DCI (polisi wa upelelezi), cha KRA (kodi), cha HELB (mkopo wa masomo), cha EACC (ufisadi) na cha CRB (rekodi ya madeni). Tangu Sheria ya Ajira ifanyiwe marekebisho mwaka 2022, mwajiri hatakiwi kukudai vibali hivyo mpaka awe amekusudia kukupa mkataba wa kazi. Kwa hivyo usikimbilie kuvilipia ili tu ukae foleni ya kuhojiwa. Sema utavileta ukipewa barua ya kazi.

Hatua ya pili: hesabu ya safari

Kampuni nyingi zinazoajiri Mombasa zina ofisi kuu Nairobi, na huko ndiko wanakotaka uende. Treni ya SGR kutoka Miritini, daraja la kawaida, ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Kwenda na kurudi ni 3,000, na hujala wala hujapanda gari la kukutoa Syokimau kukufikisha mjini. Mwenye kuhojiwa mara tatu katika kampuni moja ameshalipa karibu elfu kumi kwa nafasi ambayo hajaipata.

Pendekeza hivi: "Niko tayari kuja Nairobi kwa hatua ya mwisho. Hatua za mwanzo naomba tuzifanye kwa video." Ni nadra kukataliwa, maana hata wao wana kazi nyengine. Uliza pia kama nauli hurudishwa. Kampuni nyengine hulipa, lakini hazimlipi asiyeuliza.

Za hapa hapa mjini ni rahisi zaidi ila zina mitego yake. Anayetoka Likoni asihesabu dakika za feri, ahesabu foleni ya feri. Anayetoka Bamburi au Mtwapa akumbuke Daraja la Nyali asubuhi linavyokuwa. Na ukipangiwa Ijumaa saa saba mchana, sema wazi kuwa utakuwa msikitini na uombe asubuhi au saa tisa. Mwajiri wa Mombasa asiyelielewa hilo amekupa habari muhimu kuhusu ofisi yake.

Hatua ya tatu: video, stima na saa

Kebo za baharini za TEAMS na SEACOM ziliingia nchini mwaka 2009 kupitia ufuo wetu huu, na bado mtu wa Kisauni huganda picha katikati ya sentensi. Shida mara nyingi si kebo ya baharini. Ni stima ya mtaani. Ikikatika, laptopu itaendelea kwa betri lakini ruta itazima. Kwa hivyo chaji laptopu na simu tangu usiku, weka bando kwenye laini ya kampuni tofauti na ile ya ruta yako, na ujaribu kuunganisha laptopu kwa simu siku moja kabla. Mtumie anayekuhoji namba yako ya simu mapema. Stima ikikatika, pigia: "Stima imekatika huku, narudi kwa simu baada ya dakika mbili." Watu hawachukii stima kukatika. Wanachukia mtu kupotea.

Feni ni mtihani wa peke yake. Ukiizima, joto la Februari litakutoa jasho mbele ya kamera. Ukiiacha, maikrofoni ya laptopu inasikia upepo mtupu. Tumia earphone zenye maikrofoni karibu na mdomo na uigeuze feni ikupige mgongoni. Nyumba ikiwa na watoto au jirani mwenye spika, tafuta chumba kwengine. Rafiki mwenye ofisi akikupa chumba cha saa moja ni msaada mkubwa, na wapo wanaokwenda Swahilipot, kituo cha vijana wa teknolojia na sanaa pale karibu na Fort Jesus.

Kuhusu saa: Kenya haibadilishi saa, lakini Uingereza na Marekani hubadilisha. London iko nyuma yetu kwa saa mbili majira yao ya joto na kwa saa tatu majira ya baridi. New York ni saba na nane. Tena hawabadilishi siku moja. Marekani huanza Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho ya mwezi huo, na katikati hapo ndipo watu hukosana. Andika ulivyoelewa na uwatumie: "Jumanne, 17:00 saa za Mombasa." Hata na karani wa hapa hapa, akisema saa nne, thibitisha kama ni 10:00 asubuhi au amesoma 4 ya kompyuta.

Hatua ya nne: kuandika programu huku unatazamwa

Hapa ndipo wengi huvunjika moyo, na wengi wao wanajua kazi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina na Microsoft waliwapa wanafunzi 48 wa kompyuta maswali ya aina hii. Baadhi waliandika ubaoni huku mhoji akiwatazama, wengine wakafanya peke yao chumbani. Kiwango cha waliotazamwa kilishuka kwa zaidi ya nusu kulinganisha na wenzao. Na mwaka 2015 Max Howell, aliyetengeneza Homebrew, programu inayotumiwa na mafundi wengi wa Mac, alitangaza kuwa Google imemkataa kwa kushindwa kupindua mti wa data ubaoni, ilhali kwa maneno yake asilimia 90 ya wahandisi wao walikuwa wakiitumia programu yake. Kwa hivyo ukikwama mbele ya watu, usijihukumu kuwa hujui. Mtihani huu unapima jinsi unavyofikiri kwa sauti ukiwa umebanwa, na hilo linaweza kufanyiwa mazoezi kama lilivyo.

Tuchukue swali moja tulipitie pole pole. Unaambiwa: "Una orodha ya namba za miamala ya M-Pesa. Tafuta ya kwanza iliyojirudia."

Usiguse kibodi. Lirudie swali kwa maneno yako, kisha uliza. Orodha yaweza kuwa tupu? Herufi kubwa na ndogo zihesabiwe sawa? Isipopatikana nirudishe nini? Na lililo kubwa: "ya kwanza" kwa maana gani? Chukua orodha A, B, B, A. Marudio yanayoonekana kwanza ni ya B. Lakini kati ya zilizojirudia, iliyotangulia kwenye orodha ni A. Ni majibu mawili tofauti na swali halikusema lipi. Mhoji mzuri hufurahi ukiliona hilo, na mhoji asiyejua swali lake mwenyewe utamjua papo hapo.

Tuseme mhoji anataka marudio yanayoonekana kwanza. Toa jibu rahisi kwanza, hata kama ni la polepole. "Naweza kulinganisha kila namba na zote zilizoitangulia. Orodha ikiwa na namba 10,000, huko ni kulinganisha karibu mara milioni 50." Sema hivyo kwa sauti. Ndipo uongeze: "Bora nipite mara moja tu, kila namba niliyoiona niiweke kwenye seti, yaani mkusanyiko usioweka kitu mara mbili, na kabla ya kuiweka niangalie kama imo. Hapo ni kuangalia mara 10,000, gharama yake ni kumbukumbu ya kompyuta." Sasa andika. Ukimaliza, usiseme "nimemaliza". Ipitishe ile A, B, B, A kwa mkono, mstari kwa mstari, kisha orodha tupu, kisha orodha isiyo na marudio.

Ukikwama, sema: "Nipe dakika moja nifikirie kimya." Dakika moja ya kimya uliyoiomba haina ubaya, kimya kisichoelezwa ndicho kinachomfanya mtu aandike "hajui". Acha kuomba samahani kila mstari. Na mhoji akiwa anachezea simu yake, muulize bila chuki: "Niendelee, au ungependa nieleze hapa zaidi?"

Mazoezi ya haya hayafanyiki ukiwa peke yako na kikombe cha chai. Mwite rafiki, akae nyuma yako, asiseme kitu, aweke saa ya dakika thelathini. Fanyeni kwa Kiingereza kama intavyuu itakuwa kwa Kiingereza. Mtu anayefikiri kwa Kiswahili anaweza kuandika programu safi kabisa na bado akababaika kuieleza kwa Kiingereza huku anaandika.

Yale mafumbo ya "kuna matatu ngapi Mombasa" yajibu kwa kukisia wazi wazi: wakaazi wangapi, safari ngapi kwa siku, abiria wangapi kwa gari. Kisha songa mbele. Google yenyewe, iliyojulikana kwa kuyauliza, iliyaacha. Mwaka 2013 mkuu wao wa wafanyakazi wakati huo, Laszlo Bock, aliliambia gazeti la New York Times kuwa ni kupoteza muda.

Kazi za mitandao na usaidizi

Huku maswali huwa ya haki zaidi, maana mara nyingi anayeuliza ndiye anayeifanya kazi. Swali linalorudi ni: "Ofisi nzima haina intaneti, utafanya nini?" Wanaoanguka ni wanaoanza na "nitazima ruta niwashe." Anza na kuuliza: ni kompyuta moja au zote? Angalia anwani ya IP, namba inayoitambulisha kompyuta mtandaoni. Ikiwa inaanza na 169.254, kompyuta ya Windows haikupata anwani kutoka DHCP, huduma inayogawa anwani, tatizo liko karibu. Kama anwani ni sawa, piga ping ruta (itumie ujumbe mdogo uone kama inajibu), kisha 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje. Ikijibu hiyo lakini tovuti hazifunguki kwa majina, mshuku wako ni DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Isipojibu ilhali ruta inajibu, huenda ni njia ya nje, mpigie mtoa huduma. Jua pia kugawa mtandao kichwani: kipande cha mtandao kinachoandikwa /26 kinakupa anwani 62 za kutumia.

Hatua ya tano: kazi ya kwenda kufanyia nyumbani

Ni afueni kwa anayechanganyikiwa akitazamwa, lakini ndiyo inayonyonya zaidi. Kabla ya kuipokea, uliza waliikadiria saa ngapi na itasahihishwa kwa vigezo gani. Kwangu mimi kikomo ni saa nne. Ikizidi hapo, andika: "Nimeisoma kazi. Kwa makadirio yangu ni siku tatu. Kwa saa nne naweza kujenga ile sehemu ya mteja kulipia peke yake, kisha tukutane nieleze iliyobaki ningeijengaje. Kama mnahitaji yote, naomba tukubaliane malipo." Dalili za kufanyishwa kazi ya bure si ngumu kuzijua: wanataka iwekwe kwenye seva yao, ina nembo na data za mteja wa kweli, na maelezo yanasomeka kama mkataba wa zabuni.

Kwa hapa kwetu, kazi nyingi za aina hii huishia kwenye M-Pesa. Utaambiwa utengeneze duka dogo linalomtumia mteja ombi la kulipa kwenye simu yake kupitia Daraja, API ya Safaricom, yaani njia ya programu yako kuzungumza na mfumo wao. Wengi huliunganisha, wakaona simu inalia, wakatuma. Anayesahihisha anatafuta kitu chengine. Jibu la kwanza la Daraja linakuambia tu ombi limepokelewa. Halisemi pesa zimelipwa. Matokeo huja baadaye kwenye anwani yako ya wavuti: ResultCode 0 ni amelipa, 1032 ameghairi, 1 hana salio la kutosha. Matokeo hayo yanaweza kufika mara mbili, au yasifike kabisa. Kwa hivyo hifadhi CheckoutRequestID, namba ya kila ombi, kwenye safu ya hifadhidata isiyoruhusu marudio, ili mteja asihesabiwe malipo mara mbili, na uweke njia ya kuuliza hali ya muamala ambao majibu yake yamechelewa. Kwa majaribio kuna namba ya biashara 174379, na anwani ya kupokelea matokeo sharti ifikike kutoka nje kwa HTTPS, njia salama ya wavuti. Localhost, anwani ya kompyuta yako mwenyewe, haitafanya kazi.

Funguo zako za siri zisiingie kwenye git, programu inayotunza kila toleo la kazi yako, hata mara moja, maana ukizifuta baadaye zinabaki kwenye historia. Na andika README ya ukurasa mmoja: inaendeshwaje, nini kimeachwa na kwa nini. Ukurasa huo wakati mwengine una uzito kuliko programu yenyewe, kwa sababu ndio unaosomwa na mtu asiye na muda.

Kazi za serikali, na maswali yasiyofaa

Bandarini, kaunti na vyuo vikuu vya umma huhoji kwa jopo. Utakuta watu wengi mezani, mmoja tu ndiye fundi, na kila mmoja ana karatasi ya alama. Wajibu wote, usimtazame fundi peke yake. Soma majukumu kwenye tangazo, maana alama mara nyingi zinafuata maneno yale yale. Ukikosa na ukahisi umeonewa, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kama raia kuomba taarifa kutoka taasisi ya umma, nayo inatakiwa kuamua ndani ya siku 21. Omba alama zako kwa maandishi. Wakikataa au wakinyamaza, peleka kwa ofisi ya Ombudsman.

Kuna maswali ambayo jopo lolote, la umma au la binafsi, halina haki ya kuyafanyia uamuzi: kabila lako, umeolewa au la, ukishika mimba itakuwaje, utavua hijabu au la. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza ubaguzi hata kwa anayeomba kazi tu. Sipendekezi ugomvi pale pale. Uliza kwa upole, "Hilo linahusianaje na majukumu ya kazi hii?" kisha ukitoka andika swali lilivyoulizwa, na nani, tarehe gani.

Baada ya hapo: kimya

Mwisho wa intavyuu uliza utajibiwa lini. Siku hiyo ikipita, ngoja siku tatu za kazi uandike mistari miwili. Wiki ikipita andika tena, mara ya mwisho. Baada ya hapo hesabu imefungwa, na usiwe umesimamisha maombi mengine kwa ajili yao. Weka daftari la maswali uliyoulizwa, kampuni kwa kampuni. Utashangaa yanavyorudi.

Kama uliacha nakala za kitambulisho na vyeti na hukuajiriwa, unaweza kuandika uombe zifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa nafasi hiyo, na malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Ukikubaliwa, soma barua kabla ya kuposti furaha yako. Muda wa majaribio usizidi miezi sita; kuuongeza kunahitaji ukubali, na jumla isipite miezi kumi na miwili. Katika muda huo kila upande unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku saba, au kwa kulipa mshahara wa siku hizo, kwa hivyo usikate daraja na mwajiri wako wa sasa haraka. Na mambo yale yaliyosemwa kwa mdomo tu, nani ananunua laptopu, nani analipia bando ukifanyia kazi nyumbani, na nani anapigiwa seva ikilala saa nane za usiku, yaandikwe humo kabla ya kutia sahihi.